Mtoto wa Dukani Aliyewasha Taa: Habari za Konosuke Matsushita

Somo la Historia kwa Wanafunzi wa Kisomo cha Watu Wazima

Aliye na daftari na alifungue, na aliye na kalamu na aiweke tayari. Maneno mapya ya leo ni manne: mwanagenzi, imla, rehani na bohari. Tutakapoyafikia nitayaeleza moja moja.

Leo nitawasimulieni habari za mtu mmoja wa nchi ya Japani, jina lake Konosuke Matsushita. Huenda jina hilo hamjalisikia. Walakini jina alilolipa vitu vyake lilifika mpaka kwetu Afrika Mashariki. Wazee wengi wanakumbuka betri na redio zilizoandikwa National. Katika miaka ya 1960 kampuni ya mtu huyu ilifungua kiwanda mjini Dar es Salaam, na humo zikatengenezwa betri na redio. Wengi walisikia habari za dunia kwa mara ya kwanza katika redio za namna hiyo.

Mtu huyo alilelewa katika nyumba iliyofilisika. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 9. Hata hivyo mwisho wake alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Japani. Watu husema kwamba alijiinua mwenyewe. Basi, sikilizeni habari zake huku mkijiuliza maswali mawili. La kwanza: je, ni kweli kwamba alijiinua peke yake? La pili linatuhusu zaidi sisi wa kisomo: ikiwa mtu aliweza kutajirika bila ya shule, sisi tunahangaika na kalamu kwa nini?

UTOTO WAKE

Matsushita alizaliwa tarehe 27 Novemba 1894, katika kijiji cha mkoa wa Wakayama, kusini ya mji mkubwa wa Osaka. Walizaliwa watoto 8, naye alikuwa kitindamimba. Baba yake alikuwa na mashamba, na nyumba yao iliheshimiwa kijijini. Lakini baba akajitia katika biashara ya kubahatisha bei ya mchele. Biashara hiyo ni hivi: mtu hununua leo mchele asiouona, akitumaini kwamba kesho bei itapanda. Ikipanda, amepata, ikishuka, ameangamia. Mzee huyo aliangamia. Mwaka 1899 mashamba yakaenda, na nyumba ikaenda.

Jamaa hao wakahamia mjini Wakayama, wakafungua duka la viatu vya mti, mfano wa mitalawanda yetu. Duka nalo likafa. Tena maradhi yakaingia nyumbani, na baadhi ya ndugu zake wakubwa wakafariki. Baba akaenda Osaka kutafuta kazi. Mwezi wa Novemba 1904 ikaja barua kutoka kwake, ikisema kwamba limepatikana duka linalotaka mtoto wa kazi. Basi yule kitindamimba akatolewa shule katika mwaka wake wa nne. Mama yake akamsindikiza hadi stesheni huku akilia, na mtoto akapanda gari la moshi peke yake.

Osaka aliwekwa kuwa mwanagenzi. Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi kwa kumtumikia anayeijua. Alilala katika nyumba ya tajiri wake, akala chakula cha huko, na malipo yalikuwa kidogo sana. Duka la kwanza liliuza majiko ya makaa, ambayo Wajapani waliyatumia kuota moto wakati wa baridi. Kazi yake ilikuwa kufagia, kumlea mtoto wa tajiri, na kuyasugua majiko mpaka yang'ae. Mikono ikapasuka kwa baridi. Kila nusu ya mwezi alipewa sarafu ya seni 5, na seni 100 ndizo zinazofanya yeni 1. Kwake ilikuwa fedha nyingi, kwa kuwa hajapata kushika sarafu kama hiyo.

KATIKA DUKA LA BAISKELI

Duka lile halikuendelea, na mwaka 1905 akahamishiwa duka la baiskeli. Wakati huo baiskeli zilitoka Uingereza na Marekani, na bei yake ilikuwa kubwa. Hapo akajifunza kukereza chuma, kutengeneza na kuuza. Alikaa karibu miaka 6.

Sasa sikilizeni jambo dogo alilolifanya. Wateja waliokuja kutengenezewa baiskeli walizoea kumtuma: "Kijana, hebu kaninunulie sigara." Kila mara alinawa mikono, akakimbia, akarudi. Akaona kwamba anapoteza wakati. Tena akagundua kwamba mtu akinunua paketi 20 kwa mara moja, huongezewa moja ya bure. Basi akanunua nyingi na kuziweka tayari. Mteja akitaka sigara, hapo hapo anapewa kwa bei ile ile ya dukani. Mteja hakungoja, kijana hakukimbia, na faida ikapatikana. Walakini wenzake wakaona kijicho, wakanung'unika, na tajiri akamwamuru aache. Hivyo alijifunza mapema mambo mawili: faida inaweza kupatikana bila ya kumwumiza mnunuzi, na mtu akipata peke yake katikati ya wenzake, hapati kwa muda mrefu.

Katika siku hizo mama yake alitamani atoke dukani, afanye kazi ya utarishi katika ofisi, ili jioni aende shule. Baba akakataa. Alimtaka ashike biashara mpaka aijue. Mwaka 1906 baba akafariki, na kijana akabaki dukani.

ANAUONA UMEME

Mwaka 1903 magari ya tramu yaendayo kwa umeme yalianza kupita katika mji wa Osaka, na kadiri miaka ilivyokwenda njia zake zikaongezeka. Kijana akafikiri kwamba watu wakizoea tramu hawatanunua baiskeli. Hapo hakukisia vizuri, maana baiskeli zilizidi kuuzwa. Lakini juu ya umeme wenyewe aliona sawasawa. Akakata shauri kuufuata.

Hakuwa na ujasiri wa kumwambia tajiri wake, ambaye alimtendea kama mwanawe. Akafanya hila: ikaletwa simu ya maandishi kwamba mama yake ni mgonjwa. Akaondoka, kisha akamwandikia tajiri barua ya kuomba radhi. Kwa muda wa miezi mitatu alichukua mizigo katika kiwanda cha saruji, na mwezi wa Oktoba 1910 akapokewa katika Kampuni ya Taa za Umeme ya Osaka. Alikuwa hajatimiza miaka 16. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumsaidia fundi kutia nyaya katika nyumba za watu. Akapanda cheo upesi, hata alipokuwa na miaka 22 akafanywa mkaguzi wa kazi za mafundi wengine.

Ndugu wanafunzi, hapa nataka mtulie kidogo, maana habari hii inatugusa. Wakati alipokuwa fundi, Matsushita alijiandikisha katika shule ya jioni. Mchana alifanya kazi, na usiku alikaa darasani, kama wengi wenu. Masomo ya kwanza aliyamaliza. Akaingia darasa la elimu ya umeme. Huko mwalimu alifundisha kwa imla. Imla ni kuandika yale yanayosomwa na mwingine. Mwalimu alisoma upesi, na wanafunzi waliandika. Lakini mkono wa Matsushita haukuweza kufuata. Maandishi ya Kijapani yana alama nyingi mno, naye alikuwa ameacha shule kabla ya kuzijua za kutosha. Akaachwa nyuma. Mwisho akaiacha shule kwa mara ya pili.

Alijua kazi ya umeme kwa mikono yake kuliko vijana wengi wa darasa lile. Umaskini haukumfukuza darasani mara hii, wala mwalimu hakumfukuza. Kilichomtoa ni herufi alizokosa akiwa mtoto.

ANAANZA KAZI YAKE

Mwaka 1915 alimwoa Bi Mumeno Iue. Wakati huo huo alikuwa akitengeneza holda ya namna mpya. Holda ni kile kikombe kidogo kinachoshika globu ya umeme. Akamwonyesha mkubwa wake wa kazi, naye akasema haifai. Tena kifua chake kilikuwa dhaifu, na kazi ya mshahara wa kila siku humkata mtu akiugua. Mwezi wa Juni 1917 akaacha kazi.

Fedha yake yote haikufika yeni 100. Wenziwe wawili wa kazi wakamfuata. Mkewe akafanya kazi naye, na shemeji yake, Toshio Iue, kijana wa miaka 14, akaja kusaidia. Karakana yao ilikuwa nyumba ya kupanga ya vyumba viwili vidogo. Wakabomoa sakafu ya nusu ya chumba, wakaweka vyombo vya kazi, na usiku wakalala katika nafasi iliyobaki.

Taabu yao ya kwanza ni kwamba hawakujua kuchanganya dawa ngumu isiyopitisha umeme, ambayo ndiyo mwili wa holda. Wakajaribu na kukosa mara nyingi. Walipofaulu, wakazunguka mjini siku 10, wakauza holda kama 100 tu. Fedha waliyopata haikutimia yeni 10. Wale rafiki wawili wakaondoka, maana nao walihitaji kula. Bi Mumeno akapeleka nguo zake na pete zake kuweka rehani. Rehani ni mali unayomwachia mtu ili akukopeshe fedha, ukilipa, unarudishiwa. Bibi huyo hakuwa na hakika kwamba atazikomboa.

Mwezi wa Desemba 1917 mlango ukafunguka mahali wasipopatazamia. Kampuni moja iliyotengeneza mapanga ya kupepea kwa umeme ilitaka visahani 1,000 visivyopitisha umeme. Haikutaka holda, ilitaka ile dawa ngumu ambayo Matsushita na wenzake walikuwa wamejifunza kwa taabu. Wakafanya kazi usiku na mchana, wakamaliza kabla ya mwisho wa mwaka, wakapata faida ya yeni 80. Tarehe 7 Machi 1918 Matsushita akaifungua rasmi karakana yake.

BEI NAFUU NA KAZI NZURI

Tangu hapo alishika njia moja: kutengeneza kitu kizuri kuliko cha wengine, na kukiuza kwa bei ya chini. Plagi yake ya kwanza ilitumia vichwa vya chuma vya globu kuukuu, na kwa hiyo bei yake ilipungua sana. Kisha akatoa holda yenye midomo miwili. Nyumba nyingi zilikuwa na mdomo mmoja tu wa umeme, na mtu akitaka kupiga pasi usiku ilimbidi akae gizani. Sasa akaweza kuwasha taa na kupiga pasi pamoja.

Mwaka 1923 akatoa taa ya baiskeli. Watu waliokwenda kwa baiskeli usiku walitumia mishumaa au taa za mafuta, na upepo ukizizima. Taa za betri zilikuwapo, ila betri ilikwisha kwa saa mbili tatu. Taa ya Matsushita iliweza kuwaka zaidi ya saa 30. Lakini wenye maduka hawakuamini, wakakataa kuinunua. Basi akawapelekea wenye maduka ya baiskeli taa za kujaribu. Katika kila duka moja iliwashwa na kuachwa inawaka. Akawaambia walipe baadaye, wakiona kwamba inafaa. Wakaitazama ikiwaka saa baada ya saa, na baada ya muda mfupi wakaanza kuagiza wenyewe.

Mwaka 1927 akatoa taa ya mkono ya pembe nne, na hiyo ndiyo ya kwanza kupewa jina la National. Taa 10,000 akazigawa bure ili watu wazijue. Mwaka huo huo akaingia katika pasi za umeme. Pasi moja iliuzwa yeni 4 au 5, na wenye mshahara mdogo hawakuweza kuinunua. Akamwagiza fundi wake atengeneze pasi nzuri itakayouzwa kwa yeni 3 na seni 20. Ili bei ishuke hivyo, ilibidi kutengeneza pasi 10,000 kila mwezi. Hesabu yake ni rahisi: gharama ya mashine ikigawanywa kwa pasi 100, kila pasi hubeba mzigo mkubwa, ikigawanywa kwa pasi 10,000, kila moja hubeba mzigo mdogo.

MWAKA WA SHIDA

Mwishoni mwa mwaka 1929 biashara ya dunia nzima ilianguka. Japani viwanda vikafunga milango, na wafanyakazi wakaachishwa kwa maelfu. Katika bohari za Matsushita bidhaa zikarundikana. Bohari ni ghala kubwa la kuwekea bidhaa. Mwenyewe alikuwa kitandani mgonjwa. Wasimamizi wake wakamwendea na shauri kwamba nusu ya wafanyakazi waondolewe.

Akakataa. Akasema kazi ya kiwanda ipunguzwe kwa nusu, watu wafanye kazi nusu ya siku, lakini mtu hata mmoja asifukuzwe, na mshahara usikatwe. Ila kila mtu atoke kwenda kuuza bidhaa zilizomo bohari. Wafanyakazi wakatawanyika mjini na vijijini. Kwa muda wa miezi kama miwili bohari zikawa tupu, na kiwanda kikarudia kazi ya siku nzima.

Tarehe 5 Mei 1932 aliwakusanya wafanyakazi wake na kuwaeleza kusudi la kazi yao. Alitoa mfano wa maji ya bomba. Maji ni kitu cha thamani. Lakini mpita njia akinywa katika bomba la mtu, hakuna amwitaye mwizi, kwa sababu maji ni mengi na bei yake ni ndogo. Alisema kazi ya mwenye kiwanda ni kuvifanya vitu vya maisha kuwa vingi na rahisi kama maji hayo, ili umaskini uondoke. Mwaka huo huo alinunua haki ya uvumbuzi wa chombo fulani cha lazima katika redio, ambayo ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Badala ya kuikalia, akawaachia watengenezaji wote wa redio waitumie bure.

Na mwaka 1934 mtu huyu aliyeshindwa na imla alijenga shule ya kufundishia vijana wa kiwandani mwake. Walisomeshwa biashara na ufundi, huku wakijifunza kazi.

VITA NA BAADA YAKE

Historia lazima isemwe yote. Japani ilipoingia vitani, viwanda vya Matsushita vilitumikia vita. Mwaka 1943 ziliundwa kampuni za meli za mbao na za ndege za mbao, kwa matakwa ya jeshi. Mwaka 1945 Japani ikashindwa, na nchi ikashikwa na majeshi ya Marekani na wenziwe. Mwaka 1946 mali ya Matsushita ikafungiwa, na ikaamriwa kwamba yeye na wakubwa wenziwe waondoke katika kampuni.

Wakati ule wafanyakazi wa viwanda vingi vya Japani walifurahi kuona matajiri wao wakiondolewa. Kwa Matsushita ikawa kinyume. Chama cha wafanyakazi wake kilizunguka kukusanya sahihi za watu, kikaipelekea serikali maelfu ya majina kuomba abaki. Wenye maduka waliouza bidhaa zake nao wakaomba. Ombi likakubaliwa. Hata hivyo alikaa miaka kadhaa akiwa na madeni makubwa, mpaka mwaka 1950 vizuizi vilipoondolewa.

Baada ya hapo mali iliongezeka upesi. Mwaka 1952 alifanya ushirika na kampuni ya Philips ya Uholanzi. Kampuni yake ikatoa mashine za kufulia, majokofu na televisheni, na bidhaa zake zikauzwa katika mabara yote. Yule shemeji yake, Toshio Iue, naye alianzisha kampuni yake mwaka 1947, iliyoitwa Sanyo. Matsushita alistaafu mwaka 1973, akafariki tarehe 27 Aprili 1989, akiwa na umri wa miaka 94. Mwaka 2008 kampuni aliyoiacha ilibadilishwa jina, ikaitwa Panasonic.

MAJIBU YA MASWALI YETU

Sasa turudi katika maswali yetu mawili. Je, alijiinua peke yake? Hesabuni wenyewe mikono iliyomwinua. Fundi wa baiskeli alimfundisha kukereza chuma. Mkewe alitoa pete zake. Shemeji yake alitoa ujana wake. Wafanyakazi walibeba taa na pasi mpaka bohari zikawa tupu, na walipoona anaondolewa wakatia sahihi zao. Juhudi ilikuwa yake, na akili ilikuwa yake. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Asingewalinda watu wake mwaka 1930, nani angemtetea mwaka 1946?

Na swali la pili: je, shule haina maana? Mtu akikwambia, "Matsushita hakusoma, akatajirika," mwulize kama anajua habari ya imla. Matsushita hakujivunia kuacha shule. Aliirudia akiwa mtu mzima, akashindwa, na alipopata uwezo akaijenga kwa ajili ya wengine. Kwa kukosa maandishi ilimbidi ajifunze kwa kuuliza, kwa kusikiliza na kwa kujaribu mara nyingi. Alifika, lakini kwa njia ndefu. Tena wako wengi waliokosa shule kama yeye na wasifike, ila majina yao hayakuandikwa popote.

Angalieni tena mfano wa maji. Elimu nayo zamani ilikuwa kama maji ya kisima cha mtu mmoja. Leo bomba limefika hadi katika darasa lenu. Kilichobaki ni kukinga chombo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Matsushita alijifunza nini katika habari ya sigara?
2. Kwa nini pasi 10,000 zilishusha bei ya pasi moja?
3. Mngekuwa ninyi wasimamizi wa kiwanda mwaka 1929, mngetoa shauri gani?
4. Kila mtu aandike majina ya watu watatu waliomsaidia kufika hapa alipo, na aeleze walimsaidia kwa jambo gani.

Sasa mwalimu wenu wa darasa atawasomea imla fupi kutoka katika somo hili. Atasoma polepole, na atakayeachwa nyuma na ainue mkono, mwalimu atarudia. Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.